Boksi la Maonyesho ya Texas: sarafu usiisugue, kijitabu usikitupe

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Garland, jirani na Dallas, huu mwaka wa nane. Mwezi uliopita nilinunua boksi la vitu vya marehemu mmoja kwenye mnada wa nyumbani, dola 40 tu. Ndani kuna sarafu ya fedha ya nusu dola ya mwaka 1936 yenye tai na nyota, postikadi kumi na mbili, beji mbili za kifuani, utepe wa hariri unaokatikakatika, bendera ya pembetatu ya kitambaa kizito, glasi iliyoandikwa 'Centennial', kisanamu cha lile jitu lenye kofia, na kijitabu kimechanika, karatasi zimekuwa njano, kina jina la Du Bois. Rafiki yangu anasema chochote cha 1936 ni dhahabu. Shangazi anataka niing'arishe sarafu kwa ndimu na majivu kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Nataka kuuza baadhi, na vingine nimpelekee mzee Tanga avitundike sebuleni. Kijitabu nilishakiweka kando nikitupe. Nianzie wapi?"

JIBU

Ndugu yangu, kabla ya yote fanya mambo mawili leo hii. Mwambie shangazi, kwa heshima zote, ndimu na majivu vibaki jikoni. Halafu kitoe kile kijitabu kwenye vitu vya kutupa, kilaze bapa juu ya kadibodi safi ndani ya bahasha kubwa, ukiweke mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Hata usiposoma zaidi ya hapo, utakuwa umeviokoa vitu viwili vilivyokuwa karibu kuharibiwa na watu wenye nia njema.

Wasiwasi wako naona uko hivi: hujui kipi ndani ya boksi ni mali na kipi ni takataka, na unaogopa kupunjwa ukienda kuuza bila kujua. Ni hofu ya haki. Lakini kipimo alichokupa rafiki yako kitakupoteza. Mwaka ulioandikwa juu ya kitu hauiweki bei. Bei inawekwa na mambo manne: vilitengenezwa vingapi, vimebaki vingapi, hali ya hicho ulichoshika, na kama wapo watu wanaokitafuta. Kipo kitu cha 1936 kilichochapwa kwa mamilioni kikatunzwa kwa mamilioni, na kipo kingine cha mwaka huohuo kilichogawiwa bure, watu wakakisoma njiani na kukitupa. Hicho cha pili ndicho kigumu kukipata leo.

Kwa wasomaji ambao hawajafika Texas: maonyesho ya jimbo ni kama uichukue Nanenane, uiunganishe na Sabasaba, uongeze uwanja wa bembea, yote yakae sehemu moja kwa siku 24. Ng'ombe na mbuzi wanashindanishwa, magari mapya yanaonyeshwa, watu wanakula soseji iliyovikwa unga wa mahindi na kukaangwa kwenye kijiti. Desturi yenyewe Marekani ilianzia Syracuse, jimbo la New York, mwaka 1841. Ya Dallas ilianza 1886, tena kwa mgawanyiko. Wafanyabiashara hawakuelewana kuhusu uwanja, kila kundi likaandaa maonyesho yake mwaka uleule. Mwaka 1887 wakaungana kwa jina refu, Texas State Fair and Dallas Exposition. Kisha jimbo likapiga marufuku kamari ya mbio za farasi, mapato yakakauka, na mwaka 1904 uwanja ukauzwa kwa jiji la Dallas. Tangu hapo jina ni State Fair of Texas.

Historia hiyo ishike vizuri maana ndiyo chekeche lako la kwanza. Kitu chenye lile jina refu ni cha kabla ya 1904. Kitu kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1890 huku kikiwa na jina la sasa, kishuku. Pia kuna miaka ambayo maonyesho ya kawaida hayakufanyika kabisa: 1918, uwanja ulipogeuzwa kambi ya jeshi, 1935, wakati wa ujenzi mkubwa, 1936 na 1937, palipofanyika maonyesho ya aina nyingine, na 1942 hadi 1945, wakati wa vita. Ukiuziwa beji au tiketi yenye maneno "State Fair of Texas 1943", muulize muuzaji maonyesho hayo yalifanyika wapi.

Sasa 1936 yenyewe. Mwaka huo Texas ilitimiza miaka 100 tangu ijitenge na Mexico, na badala ya maonyesho ya kila mwaka wakafanya Texas Centennial Exposition, kuanzia Juni 6 hadi Novemba 29. Waliingia watu zaidi ya milioni 6. Kwa hiyo vitu halisi vya mwaka huo kwa kawaida vina maneno "Texas Centennial" na miaka 1836–1936, si "State Fair". Na fikiria hesabu yake: watu milioni 6, wengi wao wakirudi nyumbani na angalau kitu kimoja cha kukumbukia. Ndiyo maana postikadi na vijiko na vibakuli vya 1936 bado vinapatikana kwa wingi kwenye minada ya Texas. Hata stempu ya senti 3 iliyotolewa Machi 2 mwaka huo, yenye picha za Sam Houston na Stephen F. Austin, waasisi wa Texas, ilichapwa zaidi ya milioni 100. Ukiikuta ni nzuri kuitazama, ila haitakulipia pango.

Hapo ichukue glasi yako uitazame upya. Neno "Centennial" linawachanganya wengi, kwa sababu mwaka 1986 maonyesho yenyewe yalitimiza miaka 100 na jimbo likatimiza 150, wakasherehekea kwa siku 31 na kutengeneza glasi, beji, mabango na fulana za kila aina. Ikiwa glasi inasema 1886–1986, ni ya juzi na zipo tele, inywee maji. Ikisema 1836–1936, ni nyingine. Ikiwa na msimbo wa mistari ya dukani popote, hata kwenye stika iliyobaki chini ya kitako, haikutengenezwa kabla ya miaka ya 1970.

Tuje kwenye sarafu, maana ndiyo inayokukosesha usingizi.

Nusu dola ya Texas ilichongwa na Pompeo Coppini. Upande mmoja kuna tai na nyota kubwa nyuma yake. Upande wa pili kuna mwanamke mwenye mabawa amepiga goti, jengo la Alamo, ngome ya vita vya kujitenga na Mexico, liko chini yake, na picha mbili ndogo za duara za Houston na Austin. Ilitengenezwa kila mwaka kuanzia 1934 hadi 1938, mwanzoni ikauzwa dola 1 ili kuchangia sherehe, ingawa thamani yake rasmi ni senti 50. Watu hawakuinunua kama ilivyotarajiwa. Zile za 1934 zilitengenezwa zaidi ya 205,000, na zaidi ya 143,000 zikarudishwa kuyeyushwa. Za 1936 zilibaki takriban 9,000 kutoka kila kiwanda kati ya vitatu: Philadelphia, ambayo haina herufi, Denver yenye D, na San Francisco yenye S. Za 1938 hazifiki 4,000 kwa kila kiwanda. Kwa hiyo yako ni adimu kiasi, lakini zilinunuliwa na wakusanyaji waliozitunza tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nyingi bado ni safi. Sarafu iliyochakaa au iliyosuguliwa inashindana na wenzake waliolala kwenye bahasha kwa miaka zaidi ya 80.

Kuipima si kazi. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Sarafu halisi ina gramu 12.5, ikichakaa inaweza kushuka kidogo, ila ikisoma chini ya 12 simama hapo. Upana wake ni milimita 30.6. Weka sumaku karibu: isivutwe hata kidogo, kwa kuwa ni fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10, kama ya masonara, uangalie herufi. Sarafu iliyogongwa kwa muhuri ina herufi zenye kingo kali na uwanda laini kati yake. Ya kumiminwa kwenye kalibu ina vitundu kama ngozi ya chungwa na herufi za mviringo mviringo, kama sabuni iliyotumika. Pembeni kuwe na mikato iliyosimama, yenye nafasi sawa pande zote, bila mstari wa maungio. Vipimo hivi vinakamata bandia za hovyo; zile zilizotengenezwa kwa ustadi zinahitaji jicho la mtu anayezishika kila siku.

Na kwa nini isisuguliwe? Kaa gizani, washa taa moja tu, shika sarafu kwa kingo, uiinamishe polepole. Kama haijaguswa, utaona mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Mwanga ule unatokana na mifereji midogo mno, isiyoonekana kwa macho, iliyobaki pale fedha ilipotiririka chini ya muhuri. Tindikali ya ndimu inaila ile shaba iliyochanganywa, majivu yanakwaruza, na mifereji inalazwa. Baada ya hapo sarafu inang'aa, ndiyo, lakini inang'aa kama kijiko: weupe wa aina moja, umekufa, na kwa lenzi unaona mikwaruzo iliyoelekea upande mmoja. Kampuni zinazopanga sarafu kwa daraja la 1 hadi 70, kama PCGS na NGC, huiandikia cheti kwamba imesafishwa na kuinyima namba. Mnunuzi anasoma cheti hicho hicho. Weusi au rangi ya kahawia na buluu unayoiona sasa ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani kwa miaka mingi, na wapo wanaolipa zaidi kwa rangi hiyo ikiwa imekaa vizuri.

Kitu kimoja tu cha kuogopa: ute wa kijani unaonata. Huo hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya zamani, inayooza na kutoa tindikali. Ukiuona, itoe sarafu humo mara moja. Asetoni tupu ya dukani huuondoa bila kugusa fedha, kwa kuloweka pasipo kufuta, lakini ile ya kutolea rangi ya kucha siyo, ina mafuta na manukato. Kama hujawahi kufanya, mwachie anayejua. Iweke kwenye kasha gumu la sarafu, mbali na raba, gazeti na kitambaa cha sufu, ambavyo vyote vina salfa.

Postikadi zina raha yake. Zako huenda ni za karatasi yenye vijistari kama kitani, rangi kali kali, mtindo uliotawala kuanzia miaka ya 1930 hadi baada ya vita. Nyingi zilichapwa Chicago na kampuni ya Curt Teich, na kampuni hiyo ilituachia ufunguo. Tafuta namba ndogo kwenye kadi, kwa mfano inayoanza na 6A-H. Herufi A ni miaka ya 1930 na tarakimu iliyo mbele yake ni mwaka, hivyo 6A ni 1936. Ingekuwa 6B ingekuwa 1946. H inaonyesha aina ile ya kitani. Geuza nyuma: kadi iliyotumwa mwaka huo ina stempu ya senti 1, na anwani haina tarakimu tano za posta, kwa sababu mfumo huo ulianza 1963. Kwa lenzi, picha iliyochapwa ina nukta nukta. Ikiwa hakuna nukta kabisa na vivuli vinayeyukiana, basi umeshika picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya postikadi. Hizo zilitoka chache chache, wakati mwingine kwa mpiga picha wa mtaani, na ndizo za kutenga pembeni.

Kipimo kingine cha karatasi zote ni ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti. Zima taa, mulika. Tangu takriban 1950 watengenezaji wa karatasi walianza kutia kemikali ya kuipa weupe, na chini ya tochi hiyo karatasi inawaka buluu nyeupe. Bango au kadi ya "1936" inayowaka hivyo ni nakala ya baadaye. Isiyowaka haijathibitishwa bado, imevuka kizuizi kimoja tu, maana zipo karatasi za leo zisizotiwa kemikali hiyo.

Beji zako zigeuze uangalie mgongo na ukingo. Watengenezaji walichapa majina yao kwa herufi ndogo mno pembezoni, au wakaweka kikaratasi ndani ya mgongo; jina la Whitehead & Hoag wa Newark, New Jersey, utalikuta mara nyingi. Zimetengenezwa hivi: picha ya karatasi, juu yake utando wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, unaoonyesha, vyote vimebanwa juu ya bati kwa pete ya chuma. Maji yakipenya kwenye ule ukingo hayatoki. Bati linashika kutu, kutu inapanda kwenye karatasi, na unapata madoa ya kahawia yasiyofutika kwa dawa yoyote. Kwa hiyo beji haioshwi. Inafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Ukisikia harufu kali ya kafuri au siki, au ukiona utando unapasuka na kutoa jasho, itenge na vitu vingine. Seluloidi inayooza hutoa hewa chungu inayoharibu majirani zake, na inashika moto kwa urahisi.

Kuhusu utepe, pole. Hariri ya enzi zile iliuzwa kwa uzito, na viwanda viliilowesha kwenye chumvi za bati ili iwe nzito. Chumvi hizo ndizo zinazozikata nyuzi sasa, na hazitolewi. Usioshe, usipige pasi, usikunje. Ulaze juu ya kadibodi isiyo na tindikali na usiuguse bila sababu. Bendera ya pembetatu, kama ni ya sufu, adui yake ni nondo: ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ondoa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache irudie joto la chumba kwenye mfuko uliofungwa hadi kesho yake kabla ya kuufungua, ili umande usiishike.

Lile jitu ni Big Tex. Lilianza kama Baba Krismasi mkubwa katika mji mdogo wa Kerens mwaka 1949; maonyesho yakalinunua kwa dola 750, likasimama Fair Park, uwanja wenyewe wa maonyesho, mwaka 1952 likiwa na urefu wa futi 52. Liliungua Oktoba 19, 2012, na jipya la futi 55 likaja 2013. Visanamu vyake vimetengenezwa kwa miaka mingi na kwa wingi. Ila angalia kama chako kina mwaka au jina la mtengenezaji chini ya kitako. Cha miaka ya 1950 chenye rangi yake ya awali kina watu wake. Na ukikutana na mtu anayeuza "kipande cha nguo iliyoungua", dai karatasi ya kuonyesha kilivyotoka uwanjani hadi mkononi mwake. Bila hiyo unanunua kitambaa.

Sasa nirudi kwenye kijitabu, kwa sababu naona ndicho kitu kizito kuliko vyote ndani ya boksi lako, na nisingependa uuze sarafu ukakiacha kisahaulike.

Maonyesho ya Dallas kwa miongo mingi yalikuwa ya wazungu, huku watu weusi wakipewa siku yao maalumu. Miaka 100 ya Texas ilipokaribia, jimbo lilikataa kutoa fedha kwa ajili ya kuonyesha kazi na maisha ya watu weusi. Viongozi wao, A. Maceo Smith wa Dallas akiwemo, wakapeleka madai kwa serikali kuu, ikatoa dola 100,000. Jengo likaitwa Hall of Negro Life, likafunguliwa Juni 19, 1936, siku ambayo watu weusi wa Texas huadhimisha kupokea habari za uhuru wao. Aaron Douglas alichora michoro minne mikubwa ya ukutani. Waliingia zaidi ya watu 400,000, na wengi wao walikuwa wazungu. Maonyesho yalipokwisha, likabomolewa kabla ya yale ya 1937, wakati majengo mengine ya uwanja ule yaliachwa yakatumika tena. Kati ya michoro minne ya Douglas, inayojulikana kubaki ni miwili. Mmoja uko San Francisco, mwingine Washington.

W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za watu weusi, aliandika kijitabu kwa ajili ya maonyesho hayo, kikachapwa na serikali mwaka huohuo, kikieleza mchango wa watu weusi kwa Marekani na kwa Texas. Kama chako ndicho, na kwa maelezo yako inaelekea ndicho, basi umeshika karatasi iliyotoka kwenye jumba lililosimama kwa miezi michache tu. Wala usifikiri jengo likishaanguka mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1955 vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakiongozwa na Juanita Craft, walisimama na mabango kwenye malango ya Fair Park kupinga ile siku yao maalumu. Kwa hiyo tiketi, utepe au programu yenye maneno "Negro Achievement Day", jina la siku hiyo, ukiikuta kwenye boksi, iweke pamoja na kijitabu. Na zipitie zile postikadi kumi na mbili uone kama kuna inayoonyesha jumba hilo.

Kukitunza: karatasi ya aina ile imetengenezwa kwa massa ya mti na ina tindikali ndani yake yenyewe. Ndiyo inayoifanya iwe njano na kukatika kama chapati kavu, na mwanga na joto vinaiharakisha. Usibandike selotepu hata kidogo, maana gundi yake inazama, inageuka kahawia, na kuitoa ni kazi ya fundi. Usikifanyie laminesheni. Kiweke kwenye mfuko wa poliesta au polipropilini, si plastiki laini yenye harufu, na kadibodi isiyo na tindikali nyuma yake. Mchaniko unaunganishwa na mhifadhi wa karatasi kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inayoweza kutolewa baadaye kwa maji. Vipande vilivyodondoka, hata kama kidole, viweke kwenye mfuko uleule.

Kuuza. Sitakupa bei kwa kusoma maelezo, na usimwamini atakayekupa. Ila fanya hivi: mtandaoni usitazame bei wanazoomba watu, tazama bei ambazo vitu vimeuzwa kweli, eBay ina kichujio cha vilivyouzwa. Linganisha hali kwa hali, si jina kwa jina. Sarafu ina fedha safi gramu 11.25, kwa hiyo duka la kununua dhahabu litakupa bei ya uzito, na hiyo ni bei ya hasara. Mpelekee muuzaji wa sarafu, tena wawili au watatu, na usimwambie wa pili alichosema wa kwanza. Cheti cha daraja kina gharama pamoja na posta na bima; kinalipa kama sarafu ni safi kweli, la sivyo kitakula faida. Nyumba kubwa ya mnada wa sarafu, Heritage Auctions, iko hapohapo Dallas, lakini nyumba za aina hiyo huchukua kamisheni na hazipokei vitu vidogo vidogo. Vitu vya kawaida, yaani postikadi za majengo makubwa, glasi na kisanamu, uviuze kwa pamoja kama fungu. Kimoja kimoja vitakuchosha. Na tafadhali, fungu hilo lisimeze kijitabu.

Tanga ni suala jingine. Ninaelewa furaha ya mzee kuwa na kitu cha mwanawe ukutani, ila hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, itaipa beji kutu na karatasi ukungu ndani ya misimu michache, na jua la dirishani litaula wino. Mwanga ukishafifisha, hakuna kurudisha. Vipige picha kwa skana kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi, chapisha nakala nzuri, tia fremu, umpelekee hizo. Picha ya Big Tex na ya Fair Park zitapendeza vilevile. Ukitaka awe na kitu halisi, mpe glasi au kisanamu, havidhuriki na unyevu. Ukisisitiza kupeleka postikadi, fremu iwe na karatasi ya kuitenganisha kadi na kioo, itundikwe ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, na zile pakiti ndogo za kufyonza unyevu zibadilishwe mara kwa mara kama unaihifadhi kwenye kasha.

Mambo matatu yanahitaji mtu ana kwa ana. Seluloidi inayotoa harufu au jasho, usingoje. Ukungu wenye unga kwenye karatasi: usiupulize wala kuufuta, funga mfuko ukaulize. Na kijitabu, kabla ya kuamua lolote. Ndani ya jengo la Hall of State, palepale Fair Park, kuna Dallas Historical Society; uwanja huohuo una African American Museum; na maktaba kuu ya jiji ina idara ya historia ya Texas na Dallas. Piga simu kwanza, sema una kitu gani na kina kurasa ngapi, omba miadi. Kazi yao si kukutajia bei, na ni vizuri hivyo, kwa sababu anayekitathmini kitu asiwe ndiye anayetaka kukinunua. Wakikuthibitishia ni chenyewe, ndipo utafute mthamini wa kulipwa kwa saa, na mhifadhi wa karatasi kupitia orodha ya American Institute for Conservation. Siku ya kwenda, kipeleke kikiwa bapa ndani ya folda ngumu, na usikifunue kuonyesha kurasa kwenye gari. Mgongo wake hauwezi kufunguliwa mara nyingi tena.